Ngoma Ziliteketea, Sauti Ikabaki

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haidumu. Huko Mengo, mojawapo ya vilima vya jiji la Kampala, zilikuwako ngoma zilizovuma kwa vizazi vingi ndani ya ikulu ya Kabaka wa Buganda, na siku moja ya mwezi wa Mei mwaka 1966 zikateketea. Mbao zake hazipo tena, wala ngozi zake. Hata hivyo, mtu anayetaka kuzisikia leo anaweza kuzisikia zikilia kama zilivyolia mikononi mwa wapigaji wa ikulu zaidi ya miaka kumi kabla ya siku hiyo. Hayo yamewezekana kwa sababu walikuwako watu walioona mapema kwamba sauti nayo ni mali, na kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Habari ya ngoma hizo, ambazo kwa Kiganda huitwa entenga, ni sehemu ya kazi kubwa inayofanywa duniani kote: kunasa muziki wa kale ukichezwa kwa ala za kale zilizosalia. Ulaya kazi hiyo imefanywa kwa juhudi kubwa hasa juu ya muziki wa kipindi cha Baroki, yaani tangu mwaka 1600 hivi hadi 1750. Ukilinganisha yaliyotokea Ulaya na yaliyotokea Kampala, utaona jambo la ajabu. Wazungu walibaki na ala, wakaikosa sauti. Waganda walibaki na sauti, wakazikosa ala. Kila upande umelazimika kutumia kilichosalia ili kukitafuta kilichopotea.

ULAYA: ALA ZIPO, SAUTI HAIPO

Johann Sebastian Bach, mtunzi mashuhuri wa Ujerumani, alizaliwa mwaka 1685 akafariki mwaka 1750. Mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuitoa tena ilibuniwa na Thomas Edison wa Marekani mwaka 1877, miaka 127 baada ya Bach kuzikwa. Kwa hiyo hakuna mtu aliye hai leo aliyewahi kumsikia Bach akicheza, wala hakuna sahani yenye sauti hiyo. Kilichobaki ni maandishi ya noti zake na ala za zama zake: fidla zilizoundwa na Antonio Stradivari wa Italia, vinanda vya nyuzi vya ukoo wa Ruckers wa Antwerp, na vinanda vikubwa vya makanisa vilivyojengwa na Arp Schnitger huko Ujerumani ya kaskazini.

Kwa muda mrefu noti za watunzi hao zilichezwa kwa ala za kisasa, na watu wakaridhika. Piano ilichukua nafasi ya hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hazigongwi kwa nyundo kama za piano, bali hudonolewa kwa kijiti kidogo. Nyuzi za fidla zilizosokotwa kwa utumbo wa mnyama zikaachwa, zikaja nyuzi za chuma. Hata kimo cha sauti kikabadilika. Zamani kila mji ulikuwa na kimo chake. Kile kinachofuatwa leo na watu wengi duniani kilikubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanasa sauti walianza kuzifuata ala za kale mahali zilipo. Mpiga kinanda Helmut Walcha, ambaye alikuwa kipofu na alizihifadhi kazi za Bach za kinanda kichwani, alinaswa mwaka 1947 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Lübeck. Kati ya mwaka 1950 na 1952 akanaswa katika kijiji cha Cappel, mbele ya kinanda alichokijenga Schnitger mwaka 1680. Mwaka 1953 Nikolaus Harnoncourt na wenzake waliunda kundi la muziki mjini Vienna kwa nia ya kutumia ala za zamani. Walijifunza kwamba ala ya kale ni mwalimu. Haikubali kupigwa kwa nguvu kupita kiasi, haikubali haraka isiyo yake, na hivyo humfundisha mpigaji kile ambacho noti za karatasini haziwezi kumwambia.

Huko nako vita havikuwa mbali. Mjini Hamburg, katika kanisa jingine la Mtakatifu Yakobo, Schnitger alimaliza kujenga kinanda kikubwa mwaka 1693. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, filimbi zake za mbele ziling'olewa na kuyeyushwa ili madini yake yatumike vitani. Vita vya Pili vilipokuja, watu wenye busara waliziondoa filimbi zilizobaki wakazificha. Kanisa liliungua mwaka 1944, na sanduku la kinanda likaungua pamoja nalo, lakini filimbi zilizofichwa zilisalimika. Kazi ya kukirudisha kinanda hicho katika hali yake ilikamilika mwaka 1993. Aliyeziondoa filimbi kabla ya moto alifanya kama afanyavyo mtunza bohari mwema, ambaye huihamisha akiba kabla adui hajafika mlangoni.

MENGO: KIKOSI CHA WAPIGA ALA

Ikulu ya Kabaka iliyo Mengo huitwa Lubiri. Humo muziki haukuwa jambo la kujifurahisha tu, bali ulikuwa utumishi. Wapiga ala walitoka katika vijiji vilivyojulikana kwa kazi hiyo, wakapewa ardhi na Kabaka, nao wakapokezana zamu za kutumikia ikulu. Askari na polisi wanaifahamu vizuri desturi hiyo ya zamu: huyu akitoka, yule anaingia, na lindo haliachwi tupu. Walikuwako wapiga filimbi walioitwa abalere, wapuliza baragumu za amakondere, mpiga kinubi cha ennanga, wapiga marimba, na wapiga entenga.

Entenga ni ngoma 15 zilizopangwa kwa ukubwa. Kati ya hizo, 12 zimerekebishwa kila moja kwa sauti yake, kama vile vibao vya marimba, nazo hupigwa na watu 4 kwa vijiti virefu vilivyopinda. Ngoma 3 zilizobaki hupigwa na watu 2 ili kutia mapigo. Hivyo watu 6 huungana kupiga wimbo mmoja kwa ngoma. Mgeni anayezisikia kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu amezoea ngoma ya kuitikia mapigo, wala hajasikia ngoma zinazoimba.

Ndugu ya entenga ni amadinda, marimba ya vibao 12 vinavyolazwa juu ya mashina mawili ya migomba. Kubwa zaidi ni akadinda, ambayo zamani ilikuwa na vibao 22 na kupigwa na watu 6. Katika amadinda hukaa watu 3. Wa kwanza, omunazi, huanza na mfululizo wake wa sauti. Wa pili, omwawuzi, aliyekaa ng'ambo akimkabili, hutia mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenziwe, moja hapa, moja pale, kama meno ya misumeno miwili yanayoingiliana. Wa tatu, omukoonezi, hushika vibao viwili vidogo tu vya mwisho. Yeye hutega sikio, na kila zinapolia sauti mbili za chini kabisa za wenzake, huzirudia huko juu. Mapigo ya watu hao yakiungana huwa ya haraka kuliko mkono wa mtu mmoja unavyoweza kupiga. Hapo ndipo hutimia ule usemi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo moja la kukumbuka ni kwamba nyimbo nyingi za entenga ndizo hizo hizo za amadinda. Ngoma 12 na vibao 12 vililingana, na aliyeujua wimbo katika ala moja aliweza kuutambua katika ala nyingine. Ulinganifu huo ulikuja kuokoa mengi baadaye.

Sauti zenyewe zina mpango wake. Piano huigawa ngazi ya sauti katika hatua 12 ndogo. Waganda huigawa katika hatua 5 zinazokaribia kulingana, na hakuna hatua hata moja ya piano inayokaa sawasawa juu ya hizo. Fundi wa amadinda hakutumia chombo cha kupimia ila sikio lake. Akitaka sauti ya kibao ishuke, aliparuza upande wa chini katikati. Akitaka ipande, alipunguza mbao kwenye ncha. Fundi mmoja na mwingine hawakulingana kabisa, na marimba ya zamani ndiyo iliyokuwa kielelezo cha marimba mpya. Ikipotea ya zamani kabla mpya haijachongwa, kielelezo kimekwenda nayo.

MTAALAMU KUTOKA BERLIN

Mwaka 1937 alifika Uganda mtu aliyeitwa Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin. Alikuwa amesomea historia ya muziki, na nchi yake aliiacha kwa sababu ya utawala wa Wanazi, ambao haukumpa nafasi mtu mwenye asili ya Kiyahudi. Uganda alifanya kwanza kazi ya elimu pamoja na wamisionari, na mwaka 1948 akawa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1908. Jengo lake la sasa, lililoko barabara ya Kira, lilifunguliwa mwaka 1954, nalo lilichorwa na Ernst May, Mjerumani mwingine aliyepata makao Afrika Mashariki katika miaka ile ya shida.

Wachsmann hakutaka makumbusho yawe ghala la vitu vilivyonyamaza. Alikusanya ala kutoka pande zote za Uganda, na akataka ziwe na watu wa kuzipiga. Mmojawapo alikuwa Evaristo Muyinda, aliyepata kuwa mpiga ala wa ikulu na aliyefahamu marimba, zeze na filimbi. Wageni walipoingia jumbani hawakuiona amadinda tu nyuma ya kamba, waliisikia. Pamoja na hayo, kati ya mwaka 1949 na 1954, Wachsmann alizunguka nchi akinasa nyimbo na milio ya ala. Alikusanya vipande vipatavyo 1,500.

Katika miaka hiyo hiyo alikuja Kampala Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kuzunguka bara hili kwa gari lenye mitambo ya kunasia sauti. Mwaka 1950, na tena mwaka 1952, alinasa muziki wa ikulu za Uganda: wa Buganda, wa Bunyoro na wa Ankole. Sifa yake ilikuwa kuishika maikrofoni kwa mkono, akaisogeza karibu na ala kadiri muziki ulivyokwenda. Kwa hiyo, miaka ile ile Walcha alipokuwa akinaswa kijijini Cappel mbele ya kinanda cha mwaka 1680, kule Mengo wapigaji wa Kabaka walikuwa wakinaswa mbele ya ngoma zao. Cappel walikuwa wakiutafuta muziki uliokwisha kunyamaza. Mengo muziki ulikuwa hai, na watu wengi hawakuona sababu ya kuuwekea akiba.

Kasoro moja ya sahani za santuri za wakati ule ilikuwa ufupi. Upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua dakika 3 hivi. Wimbo wa amadinda hauna mwisho uliowekwa. Huzunguka na kuzunguka, na utamu wake huzidi kadiri sikio linavyozama ndani yake. Ilibidi wapigaji wakatishwe. Hivyo kilichowekwa akiba hakikuwa wimbo mzima, bali mfano wake, kama vile mtu anavyochota kikombe kimoja ziwani.

MEI 24, 1966

Mwaka 1966 mgogoro kati ya Waziri Mkuu Milton Obote na Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye pia alikuwa ameshika urais wa Uganda, ulifikia ukingoni. Tarehe 24 Mei majeshi yakiongozwa na Idi Amin yaliishambulia Lubiri. Kabaka aliponyoka akaenda uhamishoni London, ambako alifariki mwaka 1969. Mwaka 1967 katiba mpya ilizifuta falme zote za Uganda. Lubiri ikawa kambi ya jeshi kwa miaka mingi.

Historia ya siasa ya siku hiyo imeandikwa na wengi. Habari ya ala imeandikwa na wachache. Ngoma za entenga na marimba za ikulu ziliteketea pamoja na mali nyingine. Wapigaji walitawanyika, baadhi yao walirudi vijijini na kushika jembe. Zamu ikavunjika. Amri ya kuharibu ngoma haikuhitajika, kwa maana moto hauulizi kipi ni silaha na kipi ni urithi. Tangu mwaka 1954 ulikuwapo mkataba wa kimataifa, uliotiwa saini mjini The Hague, unaowataka askari wavilinde vitu vya utamaduni wakati wa vita. Mkataba huo ulizaliwa kutokana na hasara kama zile za Hamburg. Yaliyotokea Mengo yanaonyesha kwa nini fundisho hilo lina nafasi katika mafunzo ya askari kama lilivyo na nafasi somo la kutunza bunduki.

SAHANI HAIONYESHI MIKONO

Ala zilipokwisha kuteketea, ilibaki sauti ndani ya sahani na kanda. Je, sauti peke yake yatosha? Watu wa bendi za jeshi na polisi wanajua kwamba mlio wa tarumbeta wa kuamsha kambi unaweza kujifunzwa kwa kusikiliza, kwa sababu ni mlio wa mtu mmoja. Muziki wa amadinda ni tofauti. Masikio husikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Sauti za juu hujikusanya zenyewe zikawa wimbo, za chini zikawa wimbo mwingine, ilhali kila mpigaji ameshika mfululizo wake ulio tofauti kabisa. Anayesikiliza sahani hawezi kujua ni pigo lipi la omunazi na lipi la omwawuzi. Ni kama kutazama kitambaa kilichofumwa na kutakiwa kusema ni uzi upi ulipita kwanza.

Siri hiyo ilifunguliwa na watu waliokaa chini wakashika vijiti. Joseph Kyagambiddwa, mwanamuziki wa Kiganda, alichapisha kitabu mwaka 1955 akiziandika nyimbo nyingi za amadinda. Gerhard Kubik, kijana kutoka Austria, alifika Kampala mwaka 1959 akajifunza kwa Muyinda mwenyewe, mkono kwa mkono, na mwaka 1960 akachapisha maelezo ya jinsi nyimbo zile zisizopigwa na mtu zinavyosikika. Peter Cooke wa Edinburgh alifanya kazi kwa miaka mingi na Albert Ssempeke, aliyekuwa mpiga filimbi wa Kabaka, akinasa na kuandika aliyofundishwa.

Muyinda aliendelea kufundisha hata baada ya ikulu kufungwa. Kwake walikwenda wanafunzi wa Uganda na wa nchi za nje. Mwaka 1991 sahani ya muziki wa ikulu alioupiga pamoja na wenzake ilitolewa Uholanzi. Ala alizozitumia hazikuwa zile zilizoteketea, lakini mikono ilikuwa ile ile iliyofunzwa na wapigaji wa zamani. Kwa hiyo mashahidi wa muziki wa kale ni watatu: ala, sauti na mkono. Ala hueleza rangi na kimo cha sauti. Sauti iliyonaswa hueleza mwendo na mapambo. Mkono hueleza njia ya kufika huko. Akibaki shahidi mmoja tu, kesi huwa ngumu.

SAUTI YARUDI NYUMBANI

Mwaka 1993 falme zilirudishwa kisheria, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa kuwa Kabaka. Muziki ulihitajika tena, lakini karibu miaka 27 ilikuwa imepita. Kijana wa miaka 30 wa mwaka 1966 alikuwa sasa mzee, na wengi hawakuwapo.

Kanda za Wachsmann zilikuwa zimehifadhiwa mbali, katika maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London. Mwanafunzi wa Kampala aliyetaka kumsikia babu yake akipiga kinubi alipaswa kwanza kupata nauli ya ndege. Hali hiyo ilibadilika pale Chuo Kikuu cha Makerere, kwa juhudi za mtaalamu wa muziki Sylvia Nannyonga-Tamusuza, kilipoanzisha hifadhi ya sauti iliyopewa jina la Wachsmann na kupokea nakala za kanda hizo mwaka 2009. Sauti zilizoondoka nchini zikiwa ndani ya masanduku zilirudi zikiwa ndani ya kompyuta.

Baada ya mwaka 2010 ilianza kazi ngumu zaidi, ya kuzifufua entenga zenyewe. James Isabirye, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, aliwaweka vijana chini ya mpigaji wa zamani wa ikulu aliyekuwa bado hai. Ngoma mpya ziliundwa na kurekebishwa, na vijana wakafundishwa nyimbo moja baada ya nyingine. Hapo ndipo mashahidi walipokutana. Sauti zilizonaswa katika miaka ya 1950 zilionyesha ngoma zilivyolia. Nyimbo za amadinda, ambazo hazikuwa zimekufa, zilionyesha mpangilio wa mapigo. Na mkono wa mzee ulionyesha jinsi kijiti kinavyoshikwa. Kama asingalikuwapo mzee huyo, vijana wangalibaki na sahani wasizoweza kuzijibu.

Isabirye alikuwa na uzoefu wa kazi kama hiyo upande wa Busoga. Huko kuna bigwala, baragumu za vibuyu zilizopulizwa katika shughuli za ufalme. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliuweka muziki huo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana mafundi wazee waliousimamia walikuwa wamebaki 4 tu. Vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika, ikabidi kwanza mbegu zitafutwe na kupandwa. Ufufuo wa muziki ulianzia shambani.

Wapo wanaouliza kama entenga mpya ni entenga za kweli. Swali hilo huulizwa Ulaya pia juu ya hapsikodi zilizoundwa jana kwa kuiga za Ruckers. Jibu ni kwamba ala za ngozi na mbao hazikukusudiwa kuishi milele hata kabla ya moto. Ngozi ilipopasuka ilibadilishwa, na mashina ya migomba yalitupwa baada ya siku chache. Kilichodumu ni ule ulinganifu uliopitishwa kutoka ala hadi ala na kutoka mkono hadi mkono. Moto wa mwaka 1966 uliukata mpito huo, na kazi ya leo ni kuunga pale palipokatika.

NYUMBANI NA KAMBINI

Si kila familia iliyo na ngoma ya ikulu, lakini nyumba nyingi zina kitu kinachofanana nayo: zeze la babu, ngoma ya ukoo, au kaseti yenye sauti ya bibi akiimbia wajukuu. Jamaa za askari na polisi huhama mara kwa mara, na katika kila uhamisho kitu hupotea. Yafuatayo yanaweza kusaidia.

Ngoma isiwekwe sakafuni penye unyevu wala juani pasipo kivuli. Unyevu huilegeza ngozi na kuiozesha. Jua kali huipasua. Iinuliwe juu ya kibao, ipanguswe vumbi kwa kitambaa kikavu, na ikaguliwe kama kuna wadudu wanaotoboa mbao. Ala ya zamani sana isipakwe rangi wala vanishi ili kuipendezesha, kwa sababu mlio wake utabadilika.

Kaseti na kanda ziwekwe mbali na spika za redio, maana ndani ya spika mna sumaku inayoweza kufuta sauti. Zisiachwe chini ya kioo cha gari wala kwenye kabati lililo karibu na bati. Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, na zishikwe kwa kingo. Yote hayo yanakiliwe mapema katika kompyuta, na nakala ziwe mbili katika nyumba mbili tofauti. Moto ukizuka kwenye moja, nyingine itasalia.

Anayemnasa mzee kwa simu kwanza aombe ruhusa yake. Asimkatishe, kwa sababu simu ya leo haina ufupi wa sahani ya dakika 3. Amwache aurudie wimbo mpaka achoke mwenyewe. Kisha amnase mara ya pili akiielekeza kamera kwenye mikono, na mara ya tatu akimtaka apige polepole, kila sehemu peke yake. Mwisho aandike jina la mpigaji, kijiji, tarehe, jina la wimbo na wakati ulipokuwa ukipigwa. Kanda isiyo na maandishi ni kama askari asiye na namba: yupo, lakini hakuna ajuaye ni wa kikosi gani.

Juu ya yote, awepo kijana anayekaa kando ya mzee akijaribu kupiga. Wachsmann na Tracey waliokoa sauti ya entenga, na shukrani zao ni kubwa. Lakini aliyeziwezesha kulia tena alikuwa mzee mmoja aliyeyakumbuka mapigo, na vijana waliokubali kukosea mbele yake mpaka wakapatia.